Inchi Hupimwa Mshazari

Kofia tano za vitobo, miezi kumi na mmoja,
sabini na nane elfu kila moja,
ila ya mwisho, mwenyewe kaniachia pengo la elfu kumi
na ahadi.
Laki tatu na themanini, basi.
Nimezifunga ncha ya kanga, nikapiga mafundo mawili,
nikatoka Gando mapema, nikaingia Wete
dukani kwa Shaame.

Ukuta mzima unawaka.
Kasuku, maua yanafunguka, asali inamwagika polepole,
kila kioo kinang'ara kumshinda jirani yake
kama maharusi waliopambwa na somo mmoja.
Kizuri chajiuza, tuliambiwa.
Mbona hivi vyote vinapiga kelele?

"Hii arubaini, Bi Mize. Laki nne na nusu,
nakushushia mpaka kwenye fundo lako, kwa kuwa ni wewe."
Kwa kuwa ni mimi!
Mwaka jana, kwa kuwa ni mimi, niliuziwa pasi
iliyokufa kabla ya Idi.

Nikatoa utepe wangu wa kupimia vichwa.
Akacheka. Wateja wawili nao wakacheka.
Nikaushika pembe ya chini, kushoto,
nikaupandisha mshazari hadi pembe ya juu, kulia,
kioo kitupu, bila fremu,
maana kofia hupimwa kwa kichwa, si kwa kilemba.
Thelathini na nane na nusu.
Shaame akakohoa.
Mmoja wa wateja akaniomba utepe.

Kisha nikasogea mpaka pua ikagusa ubaridi wa kioo.
"Utaumiza macho, Bi Mize."
Macho yangu yameshaumia kwa vichwa vya watu.
Kwa karibu kasuku hayupo.
Kuna vitobo tu, vyekundu, vya kijani, vya buluu,
safu chini ya safu,
kama kofia siku ya tatu, kabla ua halijajulikana ni ua gani.

"Hii ina safu ngapi?"
"Safu?"
"Mistari. Toka utosini mpaka ukingoni."
Akageuza boksi, akasoma kama anasomewa hukumu:
mia saba na ishirini.
"Na ile ndogo, ya pembeni, uliyoiwekea feni mbele?"
Elfu moja na themanini.

Hapo sikuhitaji mwalimu.
Kofia ya vitobo vichache ni kofia ukiwa safu ya nyuma msikitini.
Mwenye kusimama bega kwa bega ndiye anayejua.
Na chumba changu, toka mkekani mpaka ukutani,
ni hatua tatu, ya nne unakanyaga kitanda.

"Sasa zima kasuku. Niwekee taarifa ya habari."
"Ya nini, hizi picha za maonyesho ndiyo..."
"Kasuku hawaji kwangu, Shaame.
Kwangu huja habari, mpira, na mawaidha ya Ijumaa."
Akaweka.
Kwenye ile kubwa msomaji alikuwa na ukungu mkubwa.
Kwenye ndogo, ukungu mdogo, na meno yakahesabika.

Alitaka laki tatu na nusu. Nikafungua fundo moja tu.
Tukagombana mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.
Laki tatu na thelathini na tano,
na arubaini ya stebilaiza, kwani umeme wetu una hasira.
Elfu tano iliyobaki akala bodaboda,
nami nyuma nimekumbatia boksi kama mgonjwa.

Usiku ule Raya hakwenda kwa Bi Chumu
kukaa kizingitini na kuambiwa, haya, kalaleni.
Alilala chali katikati ya mkeka, miguu kaitawanya, tajiri.

Kikaja kipindi, na mgeni wa heshima,
na juu ya mgeni, kofia.
Nikainuka. Ule mzunguko wa karafuu mbilimbili,
ule mkono, naujua.
Nikasogea nihakikishe: vitobo, rangi, hakuna kofia, hakuna mtu.
Nikarudi mkekani. Kofia ikarudi.
Nikasogea. Ikapotea.

"Mama, unaziba."

Nikakaa.
Sina hakika.
Ila kama ni yenyewe, ewe mheshimiwa,
nakudai elfu kumi.